Bomba Uani, Amani Chumbani

*Tumezoea kusema ndoa zinavunjwa na tabia, fedha na wakwe. Nimerudi nyumbani Ngokolo, Shinyanga, na nimekuta ugomvi mwingine ambao miaka yote ulikuwa umejificha ndani ya ndoo.*

Saa moja na nusu jioni, Ngokolo. Nimekaa kibarazani kwa wazazi wangu, sahani ya michembe na karanga mapajani, natazama wapita njia. Kijana na mchumba wake wanatembea polepole, wanacheka, hawana haraka ya kufika popote. Mama mmoja anarudi dukani na mtoto mgongoni. Nyuma yangu, uani, nasikia maji yakianguka kwenye ndoo. Baba anachota maji ya kuoga.

Nimesema baba. Si mama, si mdogo wangu wa kike. Mzee wa miaka sabini na ushee, mfanyakazi mstaafu wa reli, amekunja suruali hadi magotini na anachota maji huku akipiga mluzi. Mpenzi msomaji, kama ungeijua nyumba hii miaka ya tisini, ungepikicha macho kwanza ndipo uamini.

Kila mwezi kwenye kurasa hizi tunazungumzia wivu, mawasiliano, fedha na jinsi ya kurudisha cheche za penzi. Mwezi huu nataka tuzungumzie mabomba, lami, taa za barabarani na bustani. Usifunue ukurasa kwanza! Naahidi ni habari ya mapenzi. Na sehemu yake moja inanihusu mimi mwenyewe, kwa sababu mwaka 2020 ndoa yangu ilikaribia kuvunjika kwa ajili ya madumu sita ya maji.

Saa nane za usiku

Nilizaliwa na kukulia Ngokolo, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Shinyanga. Wengi wanaijua kwa Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma, au kwa soko la nguo la Mitumbani, ambako nusu ya wasichana wa rika langu tulinunua gauni letu la kwanza la kutokea. Mimi naijua zaidi kwa foleni.

Shinyanga ni nchi ya mvua chache, kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na mji ulikuwa unategemea zaidi Bwawa la Ning'hwa. Mvua zikichelewa, bwawa linapungua. Bwawa likipungua, maji yanakuja kwa mgao. Pale kwetu mgao ulikuwa na tabia ya kuja usiku, saa nane, wakati wachawi na wanawake tu ndio walio macho. Huo ulikuwa utani wa mama.

Aliamka, akajifunga kanga mbili, akachukua ndoo na kuniamsha. Tulikuta foleni ya ndoo, madumu na hata mawe. Jiwe lilimaanisha kwamba mwenyewe amekwenda kulala kidogo, nafasi yake iheshimiwe. Tulirudi saa kumi, saa nyingine saa kumi na moja. Mimi nikaenda shule nikisinzia. Mama akaenda kuuza maandazi.

Na baba? Baba alikuwa amelala. Au nilidhani amelala, mpaka usiku mmoja tuliporudi tukamkuta amekaa sebuleni gizani. Akauliza swali moja tu: "Ni maji gani haya yanayochotwa kwa saa tatu?"

Sikulielewa swali hilo wakati ule. Nilikuwa darasa la nne. Mama alilielewa vizuri sana. Alitua ndoo, akasimama mlangoni muda mrefu, na asubuhi akafunga nguo zake kwenye kitenge akaenda kwa bibi. Alikaa huko mwezi mzima. Mwezi huo mimi ndiye niliyekuwa naamka saa nane.

Ziwa jirani, maji mbali

Kilichokuwa kinatuuma watu wa Shinyanga ni kwamba Ziwa Victoria si mbali na sisi. Mwanza iko kama kilometa 160 tu kwa barabara. Tuliliona ziwa kwenye ramani, tukala sato na sangara wake, lakini hatukunywa maji yake.

Kisa kimojawapo ni karatasi. Mwaka 1929 Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ikiisimamia Tanganyika, ilikubaliana na Misri kuhusu maji ya Mto Nile. Kwa makubaliano hayo, kazi yoyote kubwa kwenye mto huo na maziwa yake ambayo ingeweza kupunguza maji yanayokwenda Misri isingefanywa bila Misri kuridhia. Ziwa Victoria limo. Mwalimu Nyerere aliyakataa makubaliano hayo mwaka 1962: nchi huru haifungwi na saini ya mkoloni. Lakini kukataa ni jambo moja, na kutandika mabomba ni jingine. Mabomba yanataka fedha.

Ilichukua zaidi ya miaka arobaini. Katikati ya miaka ya 2000, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, Tanzania iliamua kujenga mradi wa kuleta maji ya ziwa Kahama na Shinyanga. Ziligharimu zaidi ya shilingi bilioni 250, sehemu kubwa ikiwa fedha za serikali yenyewe, na mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete akauzindua.

Maji yanachukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi. Yanasafishwa hapohapo, kisha pampu zinayasukuma hadi kwenye tenki kubwa lililo juu ya kilima cha Mabale. Kutoka huko yanateremka yenyewe. Pale Solwa njia zinagawanyika, tawi moja linakwenda Kahama na jingine linakuja kwetu. Mtambo ulijengwa kutoa lita milioni 80 kwa siku. KASHWASA inazalisha na kuuza kwa jumla, SHUWASA inatusambazia mjini na kutuletea bili. Baadaye maji hayohayo yaliendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora.

Nilikuwa sekondari wakati maji ya ziwa yanaingia mjini. Bomba lilipofika uani kwetu, mama hakupiga vigelegele kama majirani. Alikinga ndoo, ikajaa kwa dakika chache, akaimwaga kwenye mche wa mpapai. Akakinga tena, ikajaa tena, akaimwaga tena. Nikamwambia, "Mama, unamwaga maji!" Akasema, "Niache mwanangu. Nataka nione kama yataisha."

Nikarudi kwenye ndoo

Sasa njoo nami Dar es Salaam, maana huko ndiko maisha yalikonipeleka. Nilisoma mawasiliano Nyegezi, Mwanza, hatua chache kutoka ziwani, kisha nikapata kazi mjini Dar. Mwaka 2017 nikaolewa. Mume wangu ni mtu mzuri, mchapakazi, anajua kuchekesha. Kama wapenzi wengi wa umri wetu, tulikuwa na wimbo mmoja: tuachane na nyumba ya kupanga.

Tukanunua kiwanja pembezoni mwa jiji. Tukajenga kidogokidogo. Mwaka 2019 tukahamia tukiwa na vyumba viwili vilivyokamilika, vigae sebuleni, televisheni kubwa ukutani, na mtoto wa miezi minane. Marafiki walikuja, wakapiga picha, wakatupongeza. Hakuna aliyeuliza kuhusu maji. Na siyo siri, hata sisi hatukuwa tumeuliza vizuri. Dalali alisema bomba "linakuja." Bomba kuu lilikuwa bado halijafika upande ule.

Unaona kichekesho chake? Mimi, mtoto wa Shinyanga, mkoa ambao watu wanautania kwa ukame, nilikuwa nimetoka kwenye nyumba yenye bomba na kwenda kuishi jiji kubwa kuliko yote nchini nikiwa sina.

Tulinunua maji ya boza. Boza lisipokuja, kijana wa mkokoteni alileta madumu. Mkokoteni usipokuja, mimi nilibeba. Mume wangu aliondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya magari na kurudi saa tatu usiku, amechoka, anataka kuoga. Mimi nami nilikuwa na kazi, mtoto, na makala za watu za kuhariri usiku. Nikimwambia dumu limebaki moja, alisema, "Si ungenunua mapema?" Nikimwambia akachote kwa jirani mwenye kisima, alichukua simu yake.

Mwaka 2023 WHO na UNICEF walitoa ripoti inayosema kwamba duniani, katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji ndani ya eneo lao, wajibu wa kuyatafuta uko kwa wanawake na wasichana. Mimi sikuhitaji ripoti. Nilikuwa na mgongo.

Usiku mmoja mwaka 2020 nilichelewa kwa jirani mwenye kisima. Foleni, stori, pampu imezimika, ikawashwa tena. Nilirudi saa nne na nusu na madumu yangu sita kwenye toroli la kuazima. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Maji gani haya ya saa mbili na nusu?"

Msomaji wangu, nilitua madumu. Kesho yake nilipanda basi na mtoto, nikaenda Shinyanga.

Alichosema baba

Mama hakuniuliza mengi. Wiki ya kwanza alinipikia na kunibebea mtoto. Wiki ya pili akaniuliza, "Amekupiga?" Nikasema hapana. "Ana mwanamke mwingine?" Nikasema sijui, nadhani hapana. "Sasa?" Nikamweleza habari ya madumu. Akanyamaza, kisha akaita kuelekea ndani, "Mzee, njoo umsikie mwanao."

Wiki ya tatu mume wangu alifuata. Nilitegemea kikao cha wazee, viti vimepangwa, shangazi amekaa kona. Haikuwa hivyo. Baba alimpokea, akajibu shikamoo yake, akamwambia, "Mkwe wangu, njoo unisaidie huku." Akampa ndoo. Wakaenda kwenye bomba la uani. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, na nakiri nilitega sikio.

Baba alisema hivi, namnukuu nilivyomsikia: "Mimi nilimfukuza mama yao kwa mdomo wangu. Nilijua anachota maji. Nilijua kabisa. Lakini nilikuwa naona aibu kusimama kwenye foleni ya wanawake, na nilikuwa naona aibu kulala huku yeye yuko nje. Aibu ikikaa sana ndani inageuka kuwa wivu. Sikuwa namtuhumu yeye. Nilikuwa najitetea mimi."

Kimya. Maji yanaendelea kuanguka kwenye ndoo.

"Siku hizi nachota," akaendelea. "Bomba liko uani, hakuna anayeniona. Watu wanasema nimebadilika. Sijabadilika, nimesogezewa. Wewe usisubiri kusogezewa."

Nimehoji wanasaikolojia wengi katika kazi hii. Hakuna aliyewahi kunieleza ugomvi wa ndoa vizuri namna ile.

Mtaro wa kaya tano

Sitakudanganya kwamba tulirudi Dar na kila kitu kikawa sawa. Kilichobadilika kwanza ni kwamba Jumamosi na Jumapili zikawa zake. Alienda kwa jirani na toroli, akasimama foleni na kina mama, akarudi na habari zote za mtaa kuliko mimi. Ndani ya mwezi mmoja wanaume wengine wawili walionekana kwenye foleni ile.

Wanaume wakishaanza kuteseka, mambo huenda haraka! Walianza kuulizana: bomba kuu limefika wapi sasa? Tunahitaji mita ngapi za bomba? Kaya tano tukachanga, tukafuata utaratibu wa kuomba maunganisho, tukachimba mtaro wenyewe siku za mapumziko. Mwaka 2022 maji yakatoka kwenye uwanja wetu.

Bili ya kwanza ilipokuja tukagombana tena. Alisema nafua sana, nikasema anaoga kama kiboko. Fundi bomba alikuja, akakuta tangi la choo linavuja taratibu usiku na mchana. Tangu siku hiyo kazi ya kusoma mita ni ya pamoja, kila tarehe mosi, na hatulaumiani kabla ya kuangalia choo.

Lami, taa na miguu yetu

Turudi Ngokolo kibarazani, maana kuna jambo jingine nataka ulione.

Zamani, jua likizama, mapenzi ya mtaa huu yalikuwa na njia mbili tu: gizani au nyumbani. Wazazi waliogopa giza, na walikuwa na haki. Msichana aliyetoka masomo ya jioni alipanda baiskeli ya abiria au alisindikizwa na kaka. Miaka ya 2010 Shinyanga ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingia katika programu ya kuimarisha serikali za mitaa mijini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Matunda yake tuliyaona kwa macho: barabara za mitaa zikapata lami, mitaro na taa.

Watu wanazungumzia lami kama jambo la magari. Mimi naiona kama jambo la miguu. Pale penye taa, mama anafunga genge saa tatu badala ya saa kumi na mbili, na hiyo ni fedha. Wachumba wanatembea wakionekana, na hiyo ni heshima. Mume na mke walioshindwa kuzungumza sebuleni, mbele ya watoto na televisheni, wanatoka kwenda "kununua vocha" na kurudi wamepatana. Mimi na mume wangu tukija hapa tunatembea kila jioni. Mazungumzo yetu magumu zaidi, likiwemo la mtoto wa pili, tumeyafanya tukitembea.

Tukitaka kukaa, tunakaa wapi?

Hapa ndipo nina ugomvi na miji yetu. Tumepata maji, tumepata lami. Tukichoka kutembea, tunakaa wapi bila kulazimika kununua soda? Ukitaka kumpeleka mchumba mahali pazuri Shinyanga, utaishia baa, hotelini au harusini kwa watu.

Na siyo kwamba hatujui miti. Mkoa huu ulikuwa umekatwa miti kupita kiasi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na wingi wa mifugo. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudi kwenye mila ya Wasukuma ya ngitili: kutenga kipande cha malisho, kukipumzisha, kukiacha kiote. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu walioweza kuwapumzishia ng'ombe nyasi hawawezi kushindwa kuwapumzishia wapenzi kivuli!

Wenzetu wa Zanzibar wanajua thamani yake. Bustani ya Forodhani, ya tangu miaka ya 1930, ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009, mwaka uleule maji ya ziwa yalipozinduliwa kwetu. Nenda jioni uone: wazee kwenye viti, watoto wakikimbia, wachumba wakigawana urojo, na anayetaka kukaa bure anakaa. Mji wowote wenye wakazi wanaolipa kodi unaweza kuwa na robo ya hiyo. Miti kumi, viti ishirini, taa na choo safi.

Kabla hamjahamia: maswali matano

1. Bomba kuu limepita wapi? Waulizeni mamlaka ya maji ya eneo husika, si dalali. "Linakuja" siyo jibu.
2. Maji yakikatika, akiba yenu ni ya siku ngapi? Simtanki kabla ya televisheni kubwa. Niaminini.
3. Nani atachota? Semeni majina, semeni siku. Kazi isiyo na jina huangukia kwa mwanamke.
4. Njia ya kurudi nyumbani saa tatu usiku ikoje? Ipiteni wote wawili, kwa miguu, kabla ya kulipa.
5. Mkikorofishana, mtaenda kuzungumzia wapi? Kama hakuna mahali, liulizeni hilo kwenye mkutano wa mtaa. Bustani nayo ni huduma.

Sauti ya maji uani imekoma. Baba anapita na ndoo yake, anakwenda bafuni, kanga ya mama begani. Mama anamtazama, kisha ananitazama mimi. "Anapiga mluzi," ananong'ona. "Miaka ile hakuwa anajua."

Simu yangu inalia. Ni mume wangu kutoka Dar. Leo ni tarehe mosi, amesoma mita peke yake, na anataka nijue kwamba mwezi huu tumetumia kidogo kwa sababu mimi sipo. Nimecheka hadi michembe imemwagika.

Na wewe msomaji, kwenu nani anachota? Muulizane usiku wa leo, kwa upole, kisha utuandikie. Tukutane mwezi ujao.